UZI: Umekwama na riwaya yako ya fantasia? Shika brashi, halafu ushike jiwe

[Mwandishi wa Kuze]

Assalam aleikum wapwani na nyinyi wengine wote mnaoandika. Nimeona watu wengi humu wakilalamika, ameanza riwaya ya fantasia, kurasa za mwanzo zimekwenda vizuri tu, mara ile dunia yake ikaanza kupoteza ladha, ufalme ni ufalme wowote, msitu ni msitu wowote, mchawi na fimbo yake, yaani vitu ambavyo kila mtu keshavisoma mahali. Na ushauri wanaopewa ni ule ule kila siku, soma zaidi, tazama sinema zaidi. Mimi nasema hapana. Ukisoma fantasia ili uandike fantasia unachota maji kwenye mtungi wa jirani. Nenda kwenye vitu vyenyewe, na kwangu mimi vitu viwili ambavyo havijawahi kuniacha mikono mitupu ni kuchora kwa rangi na mawe ya fuwele, kristali, vito, ita unavyotaka. Ntaandika kirefu, mwenye haraka aje asome usiku akishatulia.

Msimamo wangu nauweka mapema ndo tusije tukavutana bure: sizungumzii jiwe la kuponya magonjwa wala la kuvuta riziki. Nazungumzia jiwe kama kitu chenye sheria zake ambazo hazibembelezeki. Fantasia inaaminika pale msomaji anapohisi kwamba kule kuna mambo hayawezekani hata kwa mchawi mkubwa kabisa. Na sijaona kinachokufunza sheria kama fuwele, wala kinachokufunza kuangalia kama brashi.

Tuanze na kuchora. Leonardo da Vinci aliwaachia wachoraji ushauri ambao naona ungeweza kuandikwa Mombasa kabisa: tazama kuta zenye madoa na mawe yenye rangi za kuchanganyika, humo utaona milima, mito, watu wanapigana, sura za ajabu. Sasa nani ana kuta zenye madoa kutushinda sisi? Pita Mji wa Kale, ingia Ndia Kuu kisha potelea kwenye vichochoro, angalia chokaa ilivyobanduka, unyevu umepanda kutoka chini, kuna kijani, kuna weusi wa moshi, kuna samawati ya zamani inachungulia chini ya njano iliyopakwa juzi.

Kuna ukuta mmoja naupenda sana. Juu kuna dirisha la nondo, nondo zimeoza kwa chumvi ya bahari, kutu imeteremka kwa mstari mwembamba, ikafika mahali chokaa ni laini ikatawanyika, ikawa rangi ya chungwa, pembeni ikaacha vipande vipande kama pwani yenye visiwa. Nilikaa barazani mkabala nao na kidaftari, nikauchora kama ulivyo, sikuchora pwani, nilichora kutu. Hapo ndo penye siri. Manake ukichora kile unachofikiri umekiona unarudia picha iliyoko kichwani mwako tayari, lakini ukilifuata doa lenyewe, hapa limekolea, hapa limepauka, hapa limekatika ghafla, maswali yanakuja yenyewe. Mimi lilinijia swali kwa nini mto huu unatoka kwenye chuma? Na kutokea hapo nikapata jimbo zima ndani ya hadithi yangu, milima yake ni ya chuma, mito yake mekundu, wenyeji wameyanywa maji hayo tangu utoto hadi meno yao yamekuwa mekundu, na mtu akicheka tu ushajua kwao ni wapi. Mpelelezi wa jimbo lile hacheki. Nikapata na mhusika hapo hapo.

Watu wataniuliza, si nitazame tu bila kuchora? Ukitazama unaweza kudanganya, ukichora huwezi. Brashi inakulazimisha kuamua mwanga unatoka upande gani, kivuli kina rangi gani, na wallahi waandishi wengi hawajui mwanga wa dunia yao unatoka wapi. Kaa na rangi za maji jioni pale bustani ya Mama Ngina ujaribu kuchora kivuli cha mbuyu, utagundua si cheusi, kina samawati ndani yake na kina ule wekundu wa udongo. Ukirudi kwenye sentensi yako hutaandika tena "giza likatanda" ukaridhika.

Na rangi za maji zina ukali wake mwingine, weupe wote ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa. Ukishapaka umepaka, huurudishi. Inabidi uamue kabla hujaanza ni nini utakiacha wazi. Mimi tangu nimezoea hilo nimepunguza sana kueleza eleza kwenye hadithi, kuna mji kwenye riwaya yangu hakuna mtu anayeuingia, na hadi mwisho hauingiwi.

Njia nyingine ni ya Max Ernst, mchoraji wa Kijerumani, mwaka 1925 alianza kuweka karatasi juu ya mbao za sakafu akisugua kwa penseli, mistari ya mbao ikatoka, akaona humo misitu na ndege na wanyama wasiokuwepo. Sisi tuna mikeka, tuna vifuu vya nazi, tuna vipande vya matumbawe vinavyotupwa na maji. Sugua mkeka uone, unapata mji wenye barabara uliotazamwa kutoka angani.

Naenda kuswali nikirudi naingia kwenye mawe.

[Binti Bondeni]

Mashallah kaka umenigusa kazi yangu. Mimi ni mchoraji hina, na huandika kidogo ila sijawahi kuonyesha mtu. Niongeze tu kwamba hina si kama karatasi, ngozi ina mishipa, ina mikunjo, kuna bibi harusi mkono wake mwembamba kuna mwengine mnene, ua lile lile haliwezi kukaa sawa kwa wote. Na huwezi kusimama ukafikiria, manake bibi harusi amechoka, mama yake anauliza mtamaliza saa ngapi, na hina yenyewe inaanza kukauka kwenye koni. Unaanza na ua moja penye kifundo na linalofuata linaambiwa na lile la kwanza.

Nilikuwa na wazo, sijui kama linafaa. Nchi ambayo ramani hazichorwi kwenye karatasi, zinachorwa kwa hina mkononi mwa msichana mmoja, na safari lazima ikamilike kabla rangi haijapauka, wiki mbili hivi. Akiosha vyombo sana ramani inafutika mapema.

[Mwandishi wa Kuze]

Dada yangu hilo wazo usiliachilie, na tafadhali hiyo sentensi ya kuosha vyombo usiitoe, hiyo ndo hadithi yenyewe. Manake sasa kila anayemwambia yule msichana afue, apike, asugue sufuria, anakula njia ya msafara bila kujua. Mtu ambaye hajachora hina hawezi kuipata. Iandike.

Haya, mawe. Na daraja la kutoka kwenye rangi kwenda kwenye mawe ni fupi kuliko watu wanavyodhani, manake kwa karne nyingi wachoraji walikuwa wanachora kwa mawe yaliyosagwa. Ile samawati nzito unayoiona kwenye picha za kanisa za Ulaya za zamani, kwenye vazi la Bibi Mariamu, ilitoka kwenye lapisi lazuli iliyochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, ikasafirishwa nchi kavu na baharini, na ilikuwa ghali hata kuna wakati ilishindana na dhahabu. Hadi miaka ya 1820 ilipopatikana njia ya kuitengeneza kiwandani. Kijani walisaga malakaiti. Nyekundu kali ilitoka kwenye jiwe lenye zebaki. Njano moja nzuri sana inayong'aa ilitoka kwenye jiwe lenye aseniki, sumu kabisa. Hebu fikiria kijana anayesaga njano ya mfalme kila siku, anajua inamuua, na mfalme anataka picha kubwa zaidi. Hujaweka hata tone la uchawi na tayari umeshapata riwaya.

Sasa sikilizeni hii, kwangu ndo tamu kuliko zote. Yakuti ni nyekundu na zumaridi ni kijani, sivyo? Kinachoipa yakuti wekundu ni chembe za kromiamu, aina ya metali. Na zumaridi nayo, ukijani wake mara nyingi unatokana na kromiamu hiyo hiyo. Kitu kile kile, kikiingia nyumba hii kinakuwa moto, kikiingia nyumba ile kinakuwa majani, manake mpangilio wa jiwe linaloipokea ni tofauti. Ukijenga uchawi wako juu ya sheria hiyo, kwamba nguvu ni moja ila inageuka kulingana na mwili unaoibeba, umeshaachana na wale wachawi wa moto na wachawi wa maji waliogawanywa kama timu za mpira.

Halafu kuna kwatzi, ile fuwele angavu kama kioo, yenye kivuli ndani. Jiwe lilikua, likasimama, vumbi la madini mengine likatua juu yake, kisha miaka mingi baadaye likaanza kukua tena. Ukilishika leo ni jiwe moja safi, lakini ndani yake unaliona lile dogo la zamani na ncha zake zote, limesimama kama lilivyokuwa. Ndani ya nyingine kuna tone la maji lililofungiwa na kiputo cha hewa, ukiinamisha jiwe kiputo kinatembea. Maji hayo yalifungiwa kabla hakujakuwa na mtu wa kuyanywa. Mwandishi akiliona hilo akarudi nyumbani bila kitu sijui nimwambie nini.

[Msomaji wa Tononoka]

Ami naheshimu maandishi yako lakini nina wasiwasi. Huku kwetu mawe yana historia, kuna pete za akiki, kuna pete zinazosemwa zina majini, kuna watu wamepoteza akili na mali wakifuata mambo haya. Unawaambia vijana wakakae na mawe, huoni unafungua mlango?

[Mwandishi wa Kuze]

Umeuliza vizuri ami na nakujibu kwa heshima. Akiki imevaliwa na wazee wetu, nyingi zilikuja na majahazi kutoka Yemen na Bara Hindi, na hizo hadithi za pete yenye jini ni urithi wetu wa pwani, sitaki ziachwe wala zichekwe. Ninachosema ni mwandishi asimame upande wa kulijua jiwe lenyewe. Akiki ni kwatzi ya chembe ndogo ndogo, hujaza mashimo ndani ya mwamba, mara nyingi wa volkano, tabaka juu ya tabaka, na ile mistari kwenye pete ya babu ni rekodi ya maji yaliyopita pale awamu baada ya awamu. Kijana akijua hivyo hafiki kwa mganga kuuliza pete inasema nini, anakaa mezani anaandika. Na jini wa hadithi yake anakuwa na tabaka, ana mambo aliyoyaona kwa zamu, anakumbuka masultani kwa mpangilio, na ukimvunja unaona alipoanzia.

Tena mawe yana maajabu ya kweli yasiyohitaji jini yeyote. Ukikandamiza kwatzi inatoa umeme, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua hilo mwaka 1880. Kile kiwashio cha jiko la gesi kinacholia tak bila betri kinatumia kanuni hiyo. Na ukiipa kwatzi umeme inatetemeka kwa kipimo chake, ndo maana iko kwenye saa za mkononi, ile ndogo ndani ya saa hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Sasa chukua uweke kwenye hadithi: jiwe halikupi kitu mpaka uliumize. Ukiliminya linatoa, ukiachilia linanyamaza. Mchawi wa namna hiyo ana mikono yenye sugu, anavunjika vidole, anazeeka. Uchawi wenye gharama unasomeka.

Na ukitaka kuona kwa macho yako leo usiku, chukua sukari ya mawe, ingia chumba chenye giza totoro, kaa kama dakika kumi macho yazoee, kisha iponde kwa koleo au chini ya gilasi nzito. Utaona cheche hafifu za samawati. Sukari ni fuwele, ikivunjika inatoa mwanga. Watoto wa nyumbani kwetu walipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini.

[Mzawa wa Voi]

Mmetaja mawe yote ya dunia mkasahau la kwetu! Tsavoraiti, kito cha kijani cha jamii ya garneti, inachimbwa Taita Taveta, mtu akitoka Mombasa asubuhi anafika mchana. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliliona kwanza kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967, baadaye akalipata upande wetu wa Kenya, na mwaka 1974 kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ikalipa jina kutokana na Tsavo. Bridges mwenyewe aliuawa huku huku mwaka 2009 katika mgogoro wa uchimbaji, kwa hivyo mkiandika vito msiandike kung'aa tu, muandike na wachimbaji.

Na kitu kimoja mwandishi utakipenda, lile jiwe mara nyingi linapatikana kwenye mwamba wenye grafaiti. Ukiupasua mikono yote inakuwa myeusi. Unachafuka kwa weusi ule ndo unafika kwenye kijani.

[Mwandishi wa Kuze]

Ndugu yangu Mzawa shukran sana, na hapo mwisho umenipa zaidi ya ulivyokusudia, kwa sababu grafaiti ndo ile iliyoko ndani ya penseli! Ile ninayochorea kwenye kidaftari. Kwa hivyo kuna mwamba pale Taita ambao ndani yake kuna penseli na kuna kito, vimelala pamoja. Nimeamka kitandani kuja kuandika hii. Na kuhusu wachimbaji naungana nawe kabisa, kila jiwe la uchawi kwenye riwaya kuna mtu alilitoa ardhini, na mwandishi anayemsahau huyo mtu ameacha nusu ya hadithi chini.

Nyongeza ya upande huo, kuna garneti za bonde la Umba, ule mto unaomwaga maji yake Vanga, nyingine hubadilika rangi, mchana zina rangi moja na chini ya taa ya balbu nyingine. Sonara mwaminifu anakutoa nje ya duka juani kabla hajakuuzia. Na mapatano yaliyotiwa saini usiku juu ya jiwe kama hilo, asubuhi yake inakuwaje? Yeyote anayetaka ploti hiyo achukue, nimempa.

Wa mwisho kwenye mawe ni pango la Naica, Meksiko, jimbo la Chihuahua. Wachimba migodi walilifikia mwaka 2000, karibu mita 300 chini ya ardhi. Ndani kuna fuwele za jasi nyeupe, kubwa zaidi zinapita mita 10, mtu akisimama kando anaonekana kama mdudu. Zilikua ndani ya maji ya moto ambayo joto lake lilikaa karibu pale pale kwa muda mrefu mno, na hiyo ndo sababu ya ukubwa, utulivu tu. Na hukuweza kukaa humo! Joto lilifika nyuzi 58, unyevu zaidi ya asilimia 90, bila vazi maalum la kupooza mwili dakika kama kumi zilikutosha. Sisi tunaolia na Februari ya Mombasa tuzidishe hapo. Wengi wakiandika pango la kristali wanaliweka baridi na kimya, la kweli lilikuwa linakupika. Ndo maana nasema tafuta kitu chenyewe, kitakupa jambo ambalo usingelibuni.

[Binti Bondeni]

Kaka na sisi tusioweza kufika Meksiko wala Voi? Sina hela ya vito, na nna watoto wadogo nyumbani. Nianzie wapi?

[Mwandishi wa Kuze]

Anzia kwa shabu dada, ile vinyozi wanayompaka mtu akikatwa na wembe, kwenye maduka ya viungo na dawa pale Marikiti haikosi. Chemsha maji, tia shabu ukikoroga hadi ikatae kuyeyuka, chuja kwa kitambaa, acha ipoe. Chini zitaota chembe ndogo, chagua moja iliyonyooka, ifunge kwa uzi mwembamba wa nailoni, ining'inize ndani ya maji hayo hayo bila kugusa pembeni. Weka juu ya kabati watoto wasifike, na maji yake wasiyanywe. Usitikise. Kila asubuhi itolee macho bila kuigusa na uichore kwa penseli, ukubwa wake halisi. Itatoka na nyuso nane. Mwanasayansi Nicolas Steno mwaka 1669 aliandika kwamba hata fuwele ikue vipi, pembe kati ya nyuso zake hazibadiliki, na utaliona hilo kwenye michoro yako mwenyewe, ya siku ya kwanza na ya siku ya kumi ni pembe zile zile. Chini ya kila mchoro andika sentensi tatu tu za ile nchi yako ya ramani za hina. Usiandike kuhusu jiwe, andika nchi, jiwe litaingia lenyewe.

Brashi moja nambari sita na boksi dogo la rangi za maji vinatosha, wala usinunue nyeupe.

[Binti Bondeni]

Shukran kaka. Na chumvi ya kawaida haifai? Nnayo tele.

[Mwandishi wa Kuze]

Inafaa, hiyo inatoka miraba, maboksi madogo yenye kona kali, ni nzuri sana kuchora ukiwa na lenzi ya kukuzia. Ila chumvi haikui kwa kupoa, inakua maji yakikauka polepole, na kwa unyevu wetu huu inachukua muda. Tumia sahani pana badala ya chupa, iweke chumba chenye feni lakini si chini ya feni moja kwa moja, na ukiona maji yamebaki kidogo acha kuangalia angalia kila saa. Ukianza tuma picha ya michoro hapa tuione.